Kivumbasi uani: shajara ya bustani ya nyuki, Kihonda Morogoro

Oktoba mwishoni

Haya, mradi wenyewe ni huu. Niko Kihonda hapa Morogoro, kiwanja cha kawaida tu, nyumba imekula nusu na nusu iliyobaki ni mboga, na mwaka huu maboga yamenitesa kweli. Majani ya maboga nakula mpaka nagawia watu, ila boga lenyewe likifika saizi ya ndimu linageuka njano, linaoza kwa mbele, linadondoka. Duka la pembejeo wakaniambia fangasi hiyo, nunua dawa upige. Mi nikasema ngoja kwanza, nikatoa kigoda asubuhi nikakaa pale pale na chai yangu nione nani anakuja kwenye maua. Alikuja nzi, wakaja sisimizi, basi.

Kwa asiyejua, boga lina maua dume na maua jike mbalimbali kwenye mmea mmoja, jike unalijua kwa kale kaboga kanakotangulia chini ya ua. Yanafunguka alfajiri, ikifika saa nne saa tano yameshajikunja na hayafunguki tena. Chavua yake, ule unga wa njano wa ua dume, ni nzito, inanata, upepo hauiwezi, lazima mdudu aitoe kwa dume aipeleke kwa jike, tena siyo chembe mbili tatu, inatakiwa nyingi. Ikikosekana mmea unakatupa kale kaboga maana hakana mbegu za kulea. Kwa mkono inawezekana, unachuma ua dume unavua petali unalipaka kwenye la jike, nimefanya na yameshika. Ila kuamka kila alfajiri kuwa mshenga wa maboga siyo maisha.

Nyuki wako wapi sasa? Ukiuangalia mtaa wetu jibu unalo. Pevingi, ukuta, bogonvilia, pevingi. Bogonvilia ile rangi unayoiona ni majani yaliyopata rangi tu, ua lenyewe ni kale kamrija keupe katikati, na kwao ni Amerika ya Kusini huko. Mawaridi yale ya petali nyingi nyingi yamechaguliwa na binadamu mpaka sehemu za kutoa chavua zimegeuka petali, mdudu anafika anakuta duka tupu. Afu toka Juni mpaka vuli ianze, majani ya porini yamekauka, wenye viwanja wamefyeka, wengine wamechoma moto. Mdudu anakula nini miezi hiyo yote?

Kwa hiyo natafuta mmea. Masharti yangu: uwe wa hapa hapa kwetu, uishi miaka bila kupanda upya, uvumilie jua la Kihonda na maji ya mgao, mbuzi wanaozurura wasiutamani, na uwe na maua wakati kumekauka. Alizeti pori hapana. Najua inapendeza na nyuki wanaitembelea, lakini asili yake Meksiko na Amerika ya Kati na ikishashika mahali inafunika kila kitu. Lantana hivyo hivyo, mgeni mwingine huyo kutoka Amerika, ameshakula malisho ya watu.

Nimeamua kivumbasi.

Ndiyo, kivumbasi hiki hiki cha kujifukizia mafua. Jina la kitaalamu Ocimum gratissimum, ndugu yake mrihani lakini huyu ni wa kudumu, chini shina linakuwa gumu la kuni kabisa, kinafika mita moja na nusu mpaka mbili kikiachwa, kikipata mahali pazuri kinazidi. Kinaota chenyewe kandokando ya barabara, kwenye mashamba yaliyoachwa, kingo za mito. Kila mtu anakijua na kila mtu anakifyeka.

Novemba

Mvua za kwanza zimenyesha nikaenda kwenye korongo la upande wa Mazimbu kutafuta mbegu na vipandikizi. Nimechukua vyote viwili kwa makusudi. Kipandikizi kinaota haraka lakini ni nakala ya mama yake, ukipanda bustani nzima kwa matawi ya mti mmoja basi una mmea mmoja tu uliojirudia, ugonjwa ukiupata mmoja umewapata wote. Mbegu zinachanganya damu, na nimezichuma kwenye mashina yaliyo mbalimbali, mengine yananuka karafuu kali mengine kwa mbali. Ile harufu ni ya yujenoli, dawa ile ile iliyomo kwenye karafuu ya Zanzibar, ndo maana ukipekecha jani ukafumba macho unadhani uko Darajani.

Kuchuma mbegu ni rahisi ukijua pa kutazama. Ua likishadondoka kile kikombe cha kijani kinabaki kwenye shina, kinainama na kinajifunga mdomo, ndani mna mbegu nne. Kikishakuwa kahawia na kukauka unapitisha mkono kwenye shuke kuanzia chini kwenda juu, unapekecha kwenye ungo, unapuliza makapi. Mbegu ni za kahawia, mviringo, ndogo sana.

Kwenye kitalu nimetumia viriba vidogo, udongo wa msituni nusu, mchanga robo, samadi iliyooza vizuri robo. Mbegu hazizikwi, unanyunyiza juu, unapitisha kiganja kidogo zishike udongo, unafunika na nyasi nyepesi sana, unamwagilia kwa kopo la matundu maana ukimwaga maji kwa ndoo umezihamisha zote kwenye kona moja. Vipandikizi nimekata vya urefu wa shubiri, visiwe vichanga vya kijani tupu wala vigumu vya kuni, vya katikati, nikatoa majani ya chini nikaacha mawili matatu ya juu, nikaweka kwenye kivuli cha mwembe.

Bibi jirani kapita akaniona na viriba.

"Bibi shikamoo."

"Marahaba. Unapanda nini hicho, siyo kivumbasi?"

"Ndo chenyewe Bibi."

"Mwanangu, watu wanang'oa wewe unapanda! Haya, mbu watakukoma."

Kuhusu mbu niseme mara moja tupite. Ni kweli harufu ya kivumbasi mbu hawaipendi, hilo wazee wanalijua na watafiti wamelipima, ukichoma majani au ukiyaning'iniza dirishani wanapungua. Wanapungua, hawaishi. Kichaka kimesimama tu uani hakifukuzi mbu wa maana, harufu inatoka jani likiumizwa. Kwa hiyo chandarua kiko pale pale, malaria haina utani.

Desemba

Vipandikizi karibu vyote vimeshika. Mbegu zimeota nyingi kuliko viriba nilivyonavyo, zinaanza na majani mawili madogo yasiyofanana na kivumbasi kabisa, usiyang'oe ukidhani magugu. Ukitaka kuhakikisha subiri majani mawili yanayofuata, unusie.

Nimehamishia bustanini mstari mmoja kando ya maboga upande wa magharibi, na kundi jingine karibu na nyanya na bilinganya. Nafasi kama mita moja kati ya shina na shina, inaonekana nyingi sana mwanzoni na watu wanakushangaa, subiri mwakani. Samadi kidogo sana shimoni. Mmea huu ukiulisha kupita kiasi unakupa majani makubwa kama ya mchicha, maua unayasubiri.

Machi mwanzoni

Vimechanua! Vile vya vipandikizi ndo vimetangulia, vya mbegu bado.

Sasa ngoja niwaelezee ua lenyewe maana watu wanaliona kila siku na hawajawahi kulitazama. Kwa mbali ni shuke la kijani hafifu lisilo na mvuto wowote, ndo maana hakuna anayekiuza kwenye bustani za miche za barabarani. Sogea sasa. Shuke limepangwa ngazi ngazi, kila ngazi ina maua sita, matatu upande huu matatu ule. Yanachanua kuanzia chini kupanda juu kwa hiyo shuke moja linakaa na maua muda mrefu, huku chini mbegu zinakomaa na juu bado vifundo. Ua lenyewe ni dogo, jeupe la kwenda kwenye manjano, lina midomo miwili. Mdomo wa juu umegawanyika vipande vinne, wa chini ni mmoja umejibenua kama uzi wa mkeka uliopinda, na nyuzi nne za chavua zimelala chini juu ya huo mdomo. Nyuki akitua anashika mdomo wa chini, anaingiza ulimi kufuata mbochi, yale maji matamu ya ua, ndani, na chavua inampaka tumboni. Kwenye jamaa zake wengi wa familia hiyo hiyo ya mnanaa nyuzi ziko juu na chavua inampaka mgongoni. Huyu na mrihani wamegeuza.

Nimekaa na kigoda changu tena. Nyuki wa asali wameshakuja, wale wa kawaida wetu. Kuna mmoja ana mikanda ya buluu inayong'aa tumboni, anaruka kwa kushtukiza shtukiza, anaelea mbele ya ua nukta moja afu hayupo, kumpiga picha ni kazi bure. Nimeona pia vile vinzi vinavyosimama hewani kama helikopta, vina milia ya njano watu wanadhani ni nyuki. Hao nawataka sana, watoto wa aina nyingi za hao nzi wanakula wadudu mafuta, na wadudu mafuta ndo wamejaa kwenye bamia zangu.

Na buibui. Mweupe, miguu ya mbele mirefu ameitandaza, hana utando, amekaa juu ya shuke ametulia kabisa. Nimemwona akimdaka nyuki shingoni, nyuki ni mkubwa kuliko yeye. Sijamtoa, na yeye ana familia.

Aprili

Masika imekolea, kila kitu kimeota, na kijana tuliyemwita kufyeka nyasi kafyeka na mstari wa kivumbasi wa upande wa maboga. Wote. Hakuulizwa hakuuliza, kaona majani kapitisha fyekeo, kabakiza visiki vya urefu wa kiganja, afu kaniambia "bosi nimesafisha mpaka huku nyuma." Nilikaa kimya nikampa hela yake. Kosa lake liko wapi, kwa miaka yote kivumbasi ndo kitu cha kwanza kufyekwa.

Mei

Visiki vimechipua! Kila kisiki kimetoa matawi mengi mapya kutoka chini, mnene kuliko mwanzo. Ambavyo havikufyekwa, vya upande wa nyanya, vinaanza kuchoka, mashuke mengi yamekauka yamejaa mbegu, shina limekuwa refu limepinda. Vilivyofyekwa ndo kwanza vinaanza kutoa mashuke mapya. Maana yake nimepata zamu mbili za maua bila kupanga.

Hapa ndo mradi umebadilika. Nilikuwa nimewaza mmea unaochanua tu, sasa nawaza kalenda. Kivumbasi ukikikata kinachukua kama mwezi na nusu hivi mpaka miezi miwili kurudi kwenye maua, kutegemea maji. Ukikata vyote siku moja umetengeneza njaa ya mwezi na nusu. Ukiviacha vyote vinatoa maua ya kumwaga afu vinakauka pamoja. Kwa hiyo nimegawa mafungu matatu, nimefunga vitambaa vya rangi kwenye visiki, jekundu, jeupe, la kijani. Fungu moja likiwa kwenye maua, la pili linakuja, la tatu ndo linakatwa. Na nimemwonyesha kijana wa kufyeka vitambaa, kacheka sana lakini kaelewa haraka kuliko wengine niliowaelezea.

Yanayokatwa hayatupwi. Majani yanakaushwa kivulini, yakikauka yanakwenda kwenye gunia la maharage na mahindi kuzuia wadudu wa ghala, hiyo ni kazi ya zamani ya kivumbasi na inafanya kazi ukiweka mengi na ukibadilisha. Vijiti vigumu nimevifunga matita nikaviweka kwenye kona, nitaeleza kwa nini.

Juni

Mvua imeisha. Nimeweka matandazo ya nyasi kavu kwenye mashina na namwagilia maji niliyooshea vyombo, yale ya kwanza yasiyo na mafuta wala sabuni nyingi. Mara moja kwa wiki inatosha kwa vilivyoshika mizizi. Havijafa hata kimoja, mchana saa nane majani yananyauka yanalala, jioni yameamka.

Nimeacha pia kipande cha ardhi tupu, kama meza mbili hivi, hakina nyasi hakina pevingi hakina matandazo, na kila mgeni anauliza hapa utapanda nini. Sipandi kitu. Duniani kuna aina kama 20,000 za nyuki na nyingi sana hazikai kwenye mzinga wala hazina malkia, kila jike ana tundu lake, na sehemu kubwa ya hao wanachimba chini kwenye udongo. Ukifunika kiwanja chote kwa pevingi umewafungia mlango. Yule wa mikanda ya buluu ni wa kundi hilo. Na yale matita ya vijiti na gogo bovu la mwembe nililoliweka kwenye kona ni kwa ajili ya nyuki mweusi mkubwa, yule anayetoboa mbao za paa watu wanamwogopa kwa mlio wake. Nampa gogo aache paa langu.

Huyo mweusi na yule wa buluu nina shida nao maalum, nyanya na bilinganya. Ua la nyanya chavua imefungiwa ndani ya vimirija, inatokea kwenye ncha, na haitoki kirahisi mpaka ua litikiswe kwa mtetemo wa kasi. Nyuki anaing'ang'ania ile koni ya vimirija kwa miguu, anatetemesha misuli ya mabawa bila kuruka, unasikia zzzt fupi ya sauti tofauti na ya kuruka, chavua inamwagika tumboni kwake. Nyuki wa asali hajui hiyo kazi. Kwa hiyo mtu akikuambia weka mzinga mmoja umemaliza habari ya uchavushaji, muulize nyanya zake nani anazitikisa. Nyanya yenyewe inajimudu kwa upepo kidogo, bilinganya inadeka zaidi.

Julai

Wiki hii nimeona kitu nilichokuwa nakisubiri. Vidudu vyeusi vidogo, ukubwa wa nzi mdogo wa matunda kidogo tu kuzidi, vimejaa kwenye fungu la kitambaa cheupe, na nilipoangalia miguu ya nyuma vimebeba mafungu ya chavua. Nyuki wadogo! Wale wasiouma.

Nikamfuata babu mmoja anayefuga nyuki upande wa Bigwa, nilishamsikia kwa watu. Kanionyesha wa kwake, wako kwenye kigogo kilichotobolewa kimening'inizwa chini ya paa la jiko, mlangoni wamejenga kamrija ka nta na utomvu, kembamba kama mrija wa soda, na walinzi wamepanga vichwa kwenye mdomo wa mrija. Usiku wanaufunga. Asali yao haikai kwenye masega kama ya nyuki wakubwa, wanaiweka kwenye vijungu vidogo vya mviringo, inatoka kidogo sana, ina uchachu, na inauzwa bei ya juu maana watu wanaitumia kama dawa ya kikohozi.

Nikamuuliza wa kwangu wametoka wapi, Kihonda ile pevingi tupu.

"Wako karibu na wewe hapo hapo," kasema. "Hawa hawaendi mbali. Tazama kwenye miti mizee na kuta za zamani."

Na ni kweli. Nyuki wa asali anaweza kwenda kilomita kadhaa kutafuta chakula akarudi, ila hawa wadogo wengi wanazungukia mita mia chache tu kutoka kwao. Maana yake bustani yangu kwa nyuki mkubwa ni kituo kimojawapo, kwa mdogo inaweza kuwa nusu ya dunia yake. Nimetafuta jioni, wapo kwenye ufa wa ukuta wa nyumba ya nne kutoka kwangu, kamrija kale kale kamechomoza kwenye plasta. Mwenye nyumba alikuwa anapanga kuziba ufa. Nimemwomba auache, kakubali kwa sharti nimpe miche ya kivumbasi.

Agosti

Kesi mtaani. Mama wa nyumba inayopakana kaja, ana wajukuu wadogo, kasikia mvumo wa nyuki asubuhi kwenye uzio akaogopa. Na ana haki ya kuogopa, nyuki wetu wa Afrika siyo wa mchezo, kila mtu hapa ana ndugu aliyekimbizwa.

"Baba, umetuletea nyuki, watoto wangu wakidungwa nani atajibu?"

Nikamwomba aje aone mwenyewe. Tukasimama nusu hatua kutoka kwenye maua, wanapita wanatupisha, wako bize. Nyuki aliye kwenye ua hana nyumba ya kulinda pale, anadunga ukimbana kwenye nguo au ukimkanyaga. Ukali ni wa mzingani, na mi sina mzinga, na sitauweka kwenye kiwanja cha mjini chenye watoto kila upande. Sheria ya ufugaji nyuki ya mwaka 2002 ipo na busara nayo ipo. Tulikubaliana fungu lililo kwenye uzio wake nilihamishie ndani zaidi, kwenye uzio nikapanda pentasi, ile ya maua ya nyota nyekundu na ya waridi, na yenyewe ni ya kwetu Afrika Mashariki ingawa watu wengi wanadhani ni ua la dukani tu. Vipepeo wanaipenda kuliko nyuki. Wajukuu wameridhika, sasa hivi wanakuja kuwinda vipepeo kwenye uzio wangu, hiyo ni kesi nyingine.

Jambo gumu zaidi ni dawa. Jirani wa nyuma ana matango anapiga dawa asubuhi saa mbili tatu, maua yamefunguka, nyuki wako ndani. Sikwenda kumwambia asipige, nani atamsikiliza mtu wa kivumbasi. Nilimwambia apige jioni jua likizama, maua ya siku hiyo yameshajifunga na nyuki wamerudi, na dawa haitampiga nyuki anayemletea matango. Kasema atajaribu. Wiki iliyofuata nikasikia bomba la mgongoni linapigwa saa moja jioni.

Oktoba

Mwaka umezunguka, maboga nilipanda tena Julai kwa kumwagilia ili nione kiangazi hiki kinasemaje. Yameshika. Siyo yote na sitaki kudanganya watu, mengine yamedondoka kama kawaida, mmea wa boga hata uhudumiweje haulei kila tunda uliloanzisha. Ila asubuhi saa moja ukifungua ua unakuta mtu ndani, mara nyingi nyuki wa asali amejaa unga wa njano mpaka machoni, na maboga yaliyopita saizi ya ndimu ni mengi kuliko nilivyowahi kupata hapa. Bilinganya nazo zimenyooka, mwaka jana zilikuwa zinapinda upande mmoja.

Kuna mtu aliniuliza kama kivumbasi hakiwezi kuwanyang'anya maboga wateja, nyuki wakanogewa huku wakasahau kule. Swali zuri, na nimeliangalia. Maboga yana wateja alfajiri mpaka saa nne, kivumbasi kinachangamka jua likishapanda, kuanzia saa tatu mpaka alasiri. Wanapishana. Ningepanda kitu kinachochangamka alfajiri pale kando ya maboga hapo ningekuwa na wasiwasi.

Nimesoma pia kazi ya wenzetu wa Kakamega, Kenya. Kuna kikundi cha wakulima kinaitwa Muliru, wako pembeni ya msitu wa Kakamega, wanalima ndugu wa hiki cha kwangu, Ocimum kilimandscharicum, chenye harufu ya kafuri. Wakishirikiana na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, wanakamua mafuta wanatengeneza dawa ya kupaka inaitwa Naturub, na mwaka 2010 walipata Tuzo ya Ikweta ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Wao lengo lilikuwa watu wapate kipato waache kuingia msituni kuchuma na kukata. Mi sina mpango wa kukamua mafuta, kiwanja hakitoshi hata chupa moja ya maana, lakini nimefurahi kuona mmea wa kufyekwa una watu wanaoupanda kwa mistari kama chai.

Cha kuangalia msimu huu: vya mbegu vimetofautiana sana. Kuna shina moja, kitambaa cha kijani, linachanua mapema na linashikilia maua mpaka mwisho wa kiangazi, na nyuki wadogo wamelichagua hilo hilo kila siku wakati jirani yake mita moja pembeni wanamruka. Nimechukua vipandikizi vyake vingi, na mbegu zake kwenye bahasha yake peke yake. Vile vyenye majani makubwa na maua machache nimevikata mpaka chini kwa ajili ya gunia la maharage, na kimoja kilichokauka katikati nimeking'oa, mchwa walikuwa wameingia kwenye kisiki.

Mvua ikinyesha mara mbili tatu za kuloanisha, miche inatoka kwenye viriba. Kumi na mbili ni ya mwenye nyumba ya ufa, nilimwahidi, mitatu ya Bibi ambaye sasa anasema alikuwa anajua toka mwanzo, na iliyobaki inakwenda kwenye mstari mpya upande wa pasheni, maana kule namtaka yule mweusi mkubwa. Gogo lake la mwembe limeshatobolewa matundu mawili.